Maneno Kumi na Mawili Niliyoyashona

Jumatatu, 6 Oktoba

Mahamri tangu Alfajiri. Mavyaa, mamake Feisal, anasukuma, mimi nakaanga, na wateja wanagonga mlango kabla unga haujaumuka sawasawa. Mgongo umekufa. Vidole vinanuka iliki hata nikiviosha kwa limau. Nimechoka na nina furaha, vyote kwa pamoja. Sijui mwili unaviweka wapi.

Wiki ya sita ya ndoa. Mume wangu. Naandika tena ili nilione: mume wangu. Leo kabla hajaenda kazini Watamu aliosha masufuria yote ya mafuta kwa mikono yake. Mavyaa alisimama mlangoni akamtazama kama mtu aliyemwona paka anafua nguo.

Jana alinipa amana. Feisal hupiga picha na video za wageni wa hoteli, na wateja wake wengi wa ng'ambo humlipa kwa bitkoini. Pesa hizo hazina benki. Zimo kwenye pochi ndani ya simu yake, na pochi ina maneno kumi na mawili ya Kiingereza yaliyopangwa kwa mfuatano. Simu ikipotea, maneno yanazirudisha zote. Simu na maneno vikipotea, hakuna ofisi ya kwenda kulia. Na mtu mwingine akiyapata, anazichota akiwa amelala kwake. Kwa hiyo hayapigwi picha, hayatumwi kwa simu, haambiwi mtu. Karatasi ni moja tu. Hakumpa mamake. Alinipa mimi. Nililia. Hata siku ya posa sikulia.

Pesa hizo ndizo kiwanja chetu cha Gede. Mwenye kiwanja ametupa mpaka mwisho wa mwezi, kisha anamuuzia mwingine. Chumba chetu wenyewe, jiko letu, mlango wetu.

Nimeikunja karatasi mpaka ikawa kama ukucha wa kidole gumba. Nikaishonea kitambaa cheusi kilichobaki kwenye buibui langu, pembe nne, mshono mdogomdogo. Nikaizamisha katikati ya sufi ya mto wetu. Nilipokuwa nashona niliyatungia yale maneno hadithi ya mapenzi, moja baada ya jingine, nikawa nacheka peke yangu. Feisal nilipomwambia iliko akasema, "Basi tunazilalia." Ndiyo. Tunazilalia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nilikuwa Gede kwa mama tangu jana. Nimerudi mchana, jua kali. Mavyaa ameanika magodoro na mito uani, kama afanyavyo kila mara. Nikaubinyabinya mto wetu mpaka nikagusa kitu kigumu katikati. Nikaridhika.

Bafuni nilikuta ndoo ya maji yenye harufu ya marashi. Mavyaa akasema, "Oga yote, usibakishe hata tone." Nikafikiri ni mambo ya bibi arusi, bado yanaendelea. Nikaoga yote. Nikamshukuru. Akanigeuzia mgongo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mavyaa amebadilika. Shikamoo yangu anaipokea akitazama ukuta. Karai ameniachia peke yangu, amekwenda kukaa kwa jirani.

Jioni Feisal alinipepea kwa kipepeo cha mkaa, nilikuwa nimelowa jasho jikoni. Mavyaa akapita.

"Feisal, mwanangu, u mzima?"

"Mzima, Mama. Kwa nini?"

"Naona upepo umegeuka. Zamani ulikuwa hujui hata sufuria limekaa wapi."

Jirani yake akacheka huko barazani. Feisal naye akacheka, hakuelewa. Mimi sikucheka. Kuna kitu, na ni juu yangu, na sikijui. Nimechoka kukitafuta. Nilikuja nyumba hii nikiwa nimejaa mapenzi mpaka shingoni, na mwanamke ninayemwita Mama ananitazama kama mwizi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Simu ya Feisal imetumbukia baharini.

Alikuwa anawapiga video bwana na bibi arusi, wageni, juu ya mawe wakati wa maji kupwa. Akateleza. Aliitoa ndani ya dakika moja lakini haikuwaka tena. Amerudi amelowa mpaka kiunoni, ananicheka mimi niliyeshtuka. "Maneno tunayo," akaniambia. "Hii ni bati tu." Nampenda hivi mpaka naumwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Fundi wa simu Malindi ameifungua mbele yetu. Chumvi imeshakula ndani. Haifai kitu. Feisal akamlipa, akashukuru, akaninong'oneza barabarani, "Twende tukatoe hirizi yetu." Tukacheka njia nzima.

Nikaufumua mto kwa wembe. Kile kitu kigumu ni donge la mbegu za sufi. Nimeichambua sufi yote sakafuni, punje kwa punje. Nikaufumua na mto wa pili. Sufi imejaa puani, kwenye nywele, kwenye mashuka. Hakuna.

Feisal alikaa kitandani. Hakunifokea. Heri angenifokea. Alisema tu, "Tafuta tena," nami nikatafuta tena, na sote tulijua haimo.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimejua.

Nilimwendea Mavyaa baada ya Adhuhuri, Feisal nyuma yangu. Nikamuuliza kama siku ya kuanika aliifumua mito akakuta kitu. Akaacha kuchambua mchele.

"Mbona nilikuwa nangoja uulize! Kitambaa cheusi, wino mwekundu, kimeshonwa pembe nne, kimefichwa chini ya kichwa cha mwanangu. Nikiite nini? Biskuti?"

Wino mwekundu. Kalamu ya buluu ilikuwa imekauka.

Alikipeleka kwa maalim wake. Maalim akakifumua, akaona nambari moja mpaka kumi na mbili, na mbele ya kila nambari neno, na maneno yenyewe hayashikani. Akasema Kiarabu si Kiarabu, Kiswahili si Kiswahili, na hicho Kiingereza hakina mwanzo wala mwisho. Akasoma dua. Wakailoweka karatasi kwenye maji mpaka ikawa uji, kisha ikamwagwa baharini. Na ndoo ile ya Alhamisi, yenye marashi, ndiyo maji ya kunizindua mimi.

"Mshono ni wako, Saumu. Naujua, ndio ulioshona foronya. Na mwanangu anaosha masufuria. Ungekuwa wewe ungedhani nini?"

Alidhani nimempa Feisal limbwata. Kwa sababu ananipenda, basi nimemlisha kitu.

Feisal akamweleza, taratibu, pochi, simu, kiwanja. Mavyaa akarudi kwenye mchele wake. Kisha akasema, "Sasa pesa gani hizo zinalindwa na karatasi?"

Feisal ameondoka kwenda kwa maalim. Amerudi. Maalim aliyasoma mawili ya mwanzo tu, mengine akayapitisha macho upesi yasije yakamdhuru, na hata hayo mawili amesahau. Feisal amelala ananipa mgongo. Mara ya kwanza. Nahesabu wiki saba na hii ndiyo mara ya kwanza.

Najichukia. Namchukia na Mavyaa, Mungu anisamehe.

Alhamisi, 16 Oktoba

Ile hadithi!

Nilikuwa nakaanga, nikamkumbuka msichana wa hadithi niliyoitunga wakati nashona. Alipita wapi, akavaa nini, akampa nani tunda gani. Kila alichofanya kilikuwa neno moja. Nikaliacha karai likiungua, nikakimbia chumbani nikaandika. La kwanza. La pili. La tatu. Mpaka la sita bila kusita. Kisha la nane mpaka la kumi na mbili, yamekuja kama yananingoja.

La saba halipo. Msichana anafika kwenye mlango, halafu yuko ndani na kijana. Katikati kuna kitu kimoja na sikipati. Hata herufi yake ya kwanza siijui.

Nikampigia Feisal kwa simu ya Mavyaa, maana yangu anayo yeye tangu ya kwake ife. Kisha akasema orodha ya maneno yanayotumika kwenye pochi hizi inajulikana, ni elfu mbili na kitu. Nafasi ni moja. Tunaweza kujaribu yote.

Yote. Nilikaa chini.

Ijumaa, 17 Oktoba

Tunatumia simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Feisal hataki ya kuazima, maana maneno mengine kumi na moja tunayaandika humo. Hataki tovuti zinazojidai kusaidia, amesema hizo ndizo zinazonyang'anya watu. Kwa mkono. Mmoja anasoma, mmoja anaandika. Tunaanza na A.

Mara nyingi simu inakataa papo hapo, maandishi mekundu. Afadhali hivyo. Mbaya ni inapokubali. Saa tisa ilikubali. Feisal akanishika mkono. Pochi ikafunguka mbele yetu, nyeupe, safi.

Tupu. Si yetu. Ni pochi ya mtu yeyote ambaye hajawahi kuwapo.

Kisha ikakubali tena. Tupu. Feisal anasema zitakuwa nyingi za namna hii, tuzoee. Sijazoea.

Jumapili, 19 Oktoba

Tuko katikati ya D. Macho yanawasha. Mahamri asubuhi, maneno mchana. Leo nilisoma neno moja mara mbili nikaruka jingine, Feisal akagundua, ikabidi turudi nyuma ukurasa mzima. Alisema, "Saumu, tafadhali." Maneno mawili tu, na nimeyabeba tangu saa nane. Tangu ndoa aliniita mpenzi, nuru, roho yangu. Leo Saumu.

Hajaosha chombo tangu Jumatano. Sijui ni uchovu au ni kwa sababu ya mamake.

Jumanne, 21 Oktoba

L. M. N. Tupu. Tupu. Tupu.

Mwenye kiwanja amepiga simu ya Mavyaa kuuliza kama bado tumo. Feisal akasema tumo. Sauti yake ilikuwa imara.

Baada ya kukata akaniambia jambo. Alisema hakasiriki kwamba niliificha ndani ya mto wa kulalia. Anajikasirikia yeye. Karatasi moja, ndani ya nyumba ambayo mamake hugeuza kila godoro, na yeye amezaliwa humo na anajua. Alinibebesha mimi peke yangu ili ionekane mapenzi. Nikamwambia yalikuwa mapenzi. Akasema ndiyo, lakini yalikuwa pia uvivu wa kutengeneza karatasi ya pili.

Tukacheka. Kidogo. Midomo imekauka, lakini tulicheka.

Mavyaa alipitisha chai mlangoni bila kuingia. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi kama ninavyoipenda mimi, si kama anavyoipenda yeye.

Alhamisi, 23 Oktoba

Herufi ya S. Alasiri. Feisal alikuwa anasoma amefumba jicho moja, mimi naandika bila kufikiri. Simu ikakubali. Hatukushikana mikono tena, tulikwisha kuchoka na hilo. Nikangoja ile nyeupe.

Haikuwa nyeupe.

Kiasi kilekile alichokuwa ameniambia. Chini yake malipo ya wateja, moja moja, na tarehe zake. Feisal hakupiga kelele. Aliiweka simu sakafuni polepole kana kwamba ni yai, akajilaza palepale juu ya jamvi, akafunika uso kwa mkono. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nikajilaza karibu yake. Tukakaa hivyo mpaka adhana ya Magharibi.

Neno lenyewe dogo, na hapa siliandiki. Sasa namwona yule msichana wazi kabisa, na hicho alichokishika mlangoni.

Ijumaa, 24 Oktoba

Feisal amefungua pochi mpya na kuhamishia pesa zote humo, kwa kuwa maneno ya zamani maalim aliyaona. Yapo kumi na mawili mapya. Safari hii tumeyaandika mara mbili kwa penseli, kila karatasi ndani ya bahasha yake, tukazifunga kwa gundi na kutia sahihi juu ya gundi. Moja itakwenda Gede kwa mama, siku tutakapokwenda kumlipa mwenye kiwanja.

Nyingine tuliizungumzia sana. Kisha nikaichukua mimi mwenyewe mpaka chumbani kwa Mavyaa. Alikuwa ametoka kuswali. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu." Alinitazama mimi, si ukuta.

Nikamwambia ni kitu chetu, si cha kusomwa wala kuonyeshwa mtu, na kama mvua ikivuja au moto ukiwaka, hiki kitangulie kutolewa. Aliigeuza bahasha akaangalia pande zote mbili. Hakuuliza ndani mna nini. Alifungua kasha lake la mbao, akatoa hati ya nyumba, cheti cha kifo cha baba mkwe wangu, na mkufu wake wa arusi, akaiweka bahasha chini kabisa, akarudisha vitu juu yake kimoja kimoja.

"Ungenipa mimi tangu mwanzo," akasema, huku akizungusha ufunguo.

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi ningekuuliza tangu mwanzo."

Akaufunga ufunguo kwenye ncha ya leso yake. Akaniambia nikalale, unga wa kesho ataukanda mwenyewe.