Nukta Mbili na Mkwaju Uliovaa Kanzu

Kaka Evarist,

Shikamoo. Marahaba usinijibu, tafadhali. Ukinijibu tu, mimi nahama Rusumo leo hii na njugu zangu kichwani, wakanitafute Biharamulo.

Nakuandikia nimekaa juu ya kreti la soda mbele ya steshenari yako. Ni asubuhi, malori yamejipanga toka darajani mpaka huku, madereva wanapiga mswaki barabarani kama wako kwao. Karatasi hii ni ya kopi zilizoharibika, naandika upande wa nyuma. Mimi na kuandika unatujua. Darasa la tano tuliachana, tena shule ndiyo iliyoniacha, mimi nilikuwa bado naipenda. Lakini kuna jambo nimeliona kwenye mashine yako, kaka, na sina mtu mwingine wa kumwambia.

Kwanza habari za huku. Duka lipo. Shemeji Leokadia ndiye anakaa kwenye kiti chako, ameweka mto, anasema kiti kilishajifunza makalio yako na hakitaki mengine. Mimi ni yule yule: vocha, chaja, maji, njugu, na kukimbiza makaratasi ya madereva kwa mawakala wa forodha. Ila ilibaki kidogo nikuandikie kwamba duka halipo.

Wewe ulituambia unakwenda hospitali kuchomwa sindano, utarudi mchana. Tukakuzika Nyakisasa. Na neno la siri la kompyuta ukaenda nalo kichwani, hukumwachia mtu. Tukiwasha, kioo kinatuuliza neno. Shemeji kajaribu jina lake, kajaribu la mtoto, kajaribu la parokia. Mimi nikaandika la ng'ombe wako, ukisikia huko usikasirike. Fundi mmoja wa Ngara mjini akaja, akaitazama, akasema dawa ni kupiga window upya, na vyote vilivyomo vitafutika. Shemeji akamwambia asante, kanywe chai uende.

Sasa kwa nini tulikuwa tunavitaka vilivyomo. Siku tatu baada ya kuzika, kaka yako mkubwa, mzee Gozbert, alisimama kwenye kikao cha ukoo. Akasema kiwanja cha Rusumo, hiki chenye duka, ni cha ukoo, yeye ndiye alikutafutia, na mama huyu apewe pole zake arudi kwao Kibimba. Shemeji akasema kuna karatasi ya mauziano. Wazee wakamwambia ailete siku ya kuondoa matanga. Tukafungua sanduku lako la bati. Kaka, mchwa waliila karatasi ile mpaka wakaacha muhuri. Nadhani wino wa serikali hawaupendi.

Shemeji hakulia. Alikaa chini, akasema, "Aliitia kwenye mashine. Aliniambia karatasi ni ya mchwa, picha ni yetu." Halafu tukaitazama mashine, nayo ikatutazama, inadai neno la siri.

Basi nilikuwa nimesimama hapo siku moja na kapu langu, akaja dereva kuchukua fomu. Kashika simu yake, kaingia kwenye mtandao wa duka, kafungua ule ukurasa wako wa madereva, kachukua fomu yake tupu, kaondoka. Mimi nimeduwaa. Kioo kimefungwa, mwenyewe yuko kaburini Nyakisasa, na mashine inaendelea kuhudumia watu. Umeme ukirudi inaamka yenyewe, inasubiri kuulizwa. Sijui kama unaelewa nilivyojisikia. Ni kama nimepita kwako nikakuta moshi jikoni.

Ndipo nikakumbuka ile siku ya mvua kubwa, wateja hawapo, ukanipa somo bila ada. Ulisema ile programu ya kuhudumia kurasa uliipata bure, halafu ukaongeza mistari yako mwenyewe ya kugawa fomu. Ukasema anwani inayokaa juu kwenye kioo cha simu ni maelekezo tu, kama unavyomwelekeza mgeni njia. Mtu anataja jina la fomu, mashine inaanzia kwenye folda la madereva, inaingia, inaleta. Na kwenye lugha yake nukta mbili zilizofuatana na mkwaju, kile kijifimbo kilichoinama, maana yake ni "toka hapa, rudi nyuma hatua moja". Ukiziandika mara mbili, hatua mbili.

Nikakuuliza, "Na mtu akirudi nyuma tu, nyuma tu, anafika wapi?"

Ukacheka. "Anafika chumbani kwangu, Salva. Ndiyo maana nimeweka mlinzi. Akiona nukta mbili na mkwaju, anamfukuza mtu."

Halafu ukanionyesha kichekesho kingine, kwamba kila alama kwenye anwani ina vazi lake la namba. Nafasi tupu ni asilimia ishirini. Mkwaju ni asilimia mbili na herufi f. Ukaviandika kwa kalamu ya wino kwenye boksi la karatasi, ukasema mkwaju ukivaa kanzu ndiyo unaitwa hivyo. Boksi lile lipo, sasa shemeji anawekea bahasha.

Jumapili, baada ya misa, nikamwambia shemeji afungue duka kidogo. Nikaandika kwenye simu nukta mbili na mkwaju, wazi wazi, kama mwizi anayepiga hodi. Simu yenyewe ikazimeza kabla hazijafika kwa mlinzi wako. Nikarudishwa kwenye fomu. Nikajaribu tena, ni fomu. Shemeji akasema, "Acha, Salva, utaiharibu." Nikamwambia nina kanzu moja imebaki.

Nikaandika nukta mbili, halafu badala ya mkwaju nikaweka asilimia mbili f. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Nikabonyeza.

Kaka.

Ukurasa ukafunguka mweupe, na orodha. Si ya fomu. Mafolda yako, yamejipanga chini kwa chini kama wageni kwenye benchi. Moja limeandikwa Wateja. Moja Picha za harusi. Moja Mambo ya kurekebisha. Moja limeandikwa Leokadia. Nikajinyoosha wima, kama ninavyopita na maboksi mbele ya askari. Alama tatu ndogo hivi, ambazo ukiziona kwenye karatasi unadhani nzi amekaa, zimenitoa barazani zikanipitisha ukuta. Sikuvunja kitu. Sikujua neno la siri. Niliomba tu njia, na mashine ikanipeleka kwa adabu.

Nikagusa lile la Leokadia. Karatasi ya mauziano ilikuwa humo, nzima, na muhuri ambao hata mchwa waliuheshimu. Shemeji akasoma taratibu kwa kidole. Muuzaji fulani. Mnunuzi: Leokadia. Si Evarist. Ulimwandika yeye na hukumwambia. Akaweka kanga mdomoni, mimi nikajifanya natafuta chaja chini ya meza, nikaitafuta muda mrefu.

Sasa subiri chini kabisa. Shahidi wa pili: Gozbert.

Siku ya kuondoa matanga tuliipeleka ikiwa imechapwa. Mzee Gozbert akavaa miwani, akasoma, akairudia. Akasema, "Hii saini ni yangu." Akavua miwani. Akasema, "Siku ile Evarist alininywesha rubisi nikalewa." Shangazi yenu yule mfupi akamuuliza, "Na mkono ulikuwa wa nani, wa rubisi?" Watu walicheka, kaka, mpaka waliokuwa wanalia wakasahau walikuwa wanalia nini. Yeye mwenyewe akacheka mwishoni. Akakunja karatasi vizuri, akampa shemeji kwa mikono miwili, akasema, "Kiwanja ni cha mama huyu. Nilikuwa nimesahau, nisameheni." Nami namwamini. Mtu anaweza kusahau akitaka sana.

Ungedhani nilirudi Rusumo nikiimba. Nilirudi nikiimba. Kesho yake shemeji ananipimia maharage, akaniuliza, "Salva, umeweza wewe wa darasa la tano. Nani basi atashindwa?"

Maharage yakanikwama, nayo hayajapikwa.

Maana lile folda la Wateja nililiona. Majina ya watu. Pasi za kusafiria za madereva, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua za kliniki, karatasi za mashamba za watu waliokuja kutoa kopi wakakwambia uwatunzie na picha. Sikufungua hata moja. Nisikudanganye, kidole kilikwenda kwenye jina moja ninalolijua, kikakaa pale, nikakirudisha. Lakini foleni ile ya malori ina watu wangapi wenye simu na muda wa kuchezea? Mmoja tu mjanja kuliko mimi, na hilo si jambo gumu, angekuwa ameshapita zamani. Watu wote hao walikuamini wewe, na sasa wanamwamini shemeji kwa sababu yako. Siku likivuja, watamwita mwizi wakati amekaa kwenye kiti chake mwenyewe.

Nikafungua folda la Mambo ya kurekebisha. Uliandika mistari michache. Wa mwisho unasema: "Nukta mbili nimeziba. Kuangalia kama zikija kwa sura nyingine." Basi. Chini yake hakuna kitu. Ulikuwa unajua, au ulikuwa unahisi. Ukaenda kuchomwa sindano.

Tulichomoa waya wa mtandao siku hiyo hiyo. Madereva walilalamika, nikawaambia mashine iko kwenye eda.

Yuko dada mmoja wa Biharamulo, Rehema, anakuja huku kurekebisha mitambo ya ofisi. Shemeji akamwita. Nikamweleza safari yangu yote, nukta, mkwaju, kanzu, nikijisikia mtu mkubwa. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka Salva, kwa ile karatasi tu, mngeweza kutoa diski mkaisoma kwenye kompyuta nyingine. Bisibisi moja." Bisibisi ninayo, kaka. Nauza bisibisi.

Lakini hakucheka kuhusu lile tundu nililopitia. Alisema hata zile programu kubwa za kuhudumia kurasa, zinazotumika dunia nzima, zimeandikwa na watu waliosoma mpaka vitabu vikaisha, zimewahi kukamatwa kwa nukta hizi hizi. Wengine wameziba, likafunguka pembeni. Akaiwasha mashine kwa flashi yake, akanionyesha kosa lako kwenye mistari yako, akisoma kwa heshima, kama mtu anayesoma barua ya mwenziwe. Mlinzi wako ulimweka getini. Anakagua nguo, anaona kanzu, anasema pita. Halafu huyo mgeni akiwa ndani ndipo mashine inamvua kanzu, na fimbo anayo. Ulikagua kwanza, ukavua baadaye. Mistari miwili imepishana zamu, ndilo kosa lote. Hebu fikiria. Kosa dogo kama kuvaa kandambili kabla ya soksi, na nyumba nzima iko wazi.

Dawa yake pia ilinishangaza. Alisema usihangaike na nukta, wala kanzu, mavazi hayaishi. Mvue mgeni kila kitu, iache mashine iitembee njia yote kichwani mpaka mwisho, halafu iulize jambo moja: hapa niliposimama, bado ni ndani ya folda la madereva? Kama siyo, mrudishe. Haijalishi alipitaje. Nimeona watu wengi wanaulizana majina na kabila na umetoka wapi, na hakuna anayetazama mtu amesimama wapi.

Akamwekea shemeji neno jipya la siri, akahamisha folda la Wateja likae mbali na mtandao kabisa. Akarekebisha mistari yako, hakuifuta. Akarudisha waya. Akaniambia, "Haya mwizi, jaribu."

Nikaandika njia yangu ile ile. Nikabonyeza.

Ukurasa ukaja mweupe, na maneno ambayo Rehema aliapa hakuyaandika yeye. Aliyakuta humo, kwenye mistari ya mlinzi wako, yamekaa miaka yote bila mtu kuyaona kwa sababu hakuna aliyewahi kukamatwa na mlinzi. Yanasema: "Ndugu, umepotea. Kunywa maji, kisha urudi kwa mlango wa mbele. Evarist."

Shemeji aliyasoma mara nne. Akaniomba niyaite tena, nikayaita. Mteja akaja, akasubiri.

Nenda salama, kaka yangu. Ukuta wako nitaupiga mabega kila Jumapili baada ya misa, kwa kila kanzu nitakayojifunza, na siku nikipita nitamwita Rehema kabla sijatazama kulia wala kushoto. Hilo nakuahidi. Ila nisikufiche, mara nyingine nitajaribu tu ili unifukuze.

Mdogo wako,
Salvatory, wa njugu