Kwanza Mwambie Unaona Nini

Papa yangu,

Nimeolewa. Nilitaka usikie kwangu mimi mwenyewe. Baraka, yule fundi wa mbao uliyesema anacheka sana, sasa ni bwana yangu, na bado anacheka sana, na kila akicheka nasahau nilikuwa nafanya nini. Juzi niliunguza sombe, majani ya muhogo, hivyo hivyo. Alikula yote, akaomba nyingine. Siku ya harusi kiti chako tulikiacha wazi, tukaweka kofia yako juu yake.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya maombi yetu. Unakumbuka tulivyopanda hadi Kibati, chini ya mlima Nyiragongo, unavua viatu, unasimama juu ya mawe meusi ya volkano kama ulivyosimama zamani kati ya ng'ombe zako kule Masisi. Mimi nilitaka kuanza mara moja: Bwana nipe hiki, nipe kile. Ukanishika bega. "Mutoto yangu, usimuombe Mungu kitu mbele ya kumuambia unaona nini." Basi tukasema: naona ukungu. Naona jani limetoka katikati ya jiwe. Naona ng'ombe wa watu, wamenona. Mara nyingi, tukimaliza, nilikuwa nimesahau cha kuomba.

Sasa, kwa sababu ya vita, njia ya Kibati si ya kwenda hovyo, na mimi niko mjini, Mabanga, kwa wakwe, bati limegusana na bati. Nyuma ya nyumba kuna jiwe la volkano ambalo hakuna aliyeweza kulivunja. Asubuhi yangu ya kwanza hapa nilivua viatu nikasimama juu yake.

Mama mukwe hakupenda. Kwao, upande wa Bukavu, bibi arusi mpya hatoki nje kabla ya watu kuamka. Majirani watasema nyumba imemshinda. "Kanisa iko, padri iko," akaniambia. "Sasa wewe unaomba mawe?"

Ninampenda huyu mama, na ninataka anipende. Nilifikiri kuacha. Lakini nikiacha, ninabaki na nini chako? Kofia tu. Nikamjibu kwa heshima kwamba Jumapili nitakwenda naye misa, na kila asubuhi nitasimama juu ya jiwe.

Akanuna. Nikarudi kwenye jiwe. Baraka naye akaanza kutoka nami, miguu mitupu, akilalamika kwamba linachoma. "Naona muke yangu," ndiyo anaanza nayo kila siku. Namwambia ataje vitu alivyoviumba Mungu. Anasema ndivyo anavyotaja.

Leo tulitaja umande kwenye majani ya maharage, na ndege juu ya bati. Tulikuwa tumekwisha kufumba macho tuombe, sauti ikatoka mlango wa jikoni.

"Na mulima je? Leo umetoka wote, na nyinyi munausahau."

Tukageuka. Nyiragongo ilikuwa wazi hadi juu, na moshi wake. Mama mukwe alisimama kwenye mawe na mwiko mkononi. Viatu vyake alikuwa ameviacha mlangoni.

Sikuomba kitu leo, Papa. Sikukumbuka.

Pumzika vizuri. Watoto tutakaopewa watajifunza kutaja kabla ya kuomba, hata wakinuniwa. Na njia ikifunguka, nitapanda Kibati na Baraka na mama yake, tuvue viatu pale pako, tukuambie tunaona nini.

Binti yako,
Furaha, muke ya Baraka