Nilichanjwa Nikaumwa, Sasa Mama Mkwe Ananiuliza Mimi

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako maana kila ninayemuuliza ananichanganya zaidi. Mimi ni msusi, nina saluni ya viti viwili, kutwa nzima nainamia vichwa vya watu wakinipigia chafya usoni, ndiyo maana mwaka jana niliposikia kliniki kuna chanjo ya homa ya mafua nilikwenda mbio, nikadungwa, nikarudi nyumbani najiona mjanja kuliko wote. Mume wangu, fundi friji, alicheka, akasema yeye na mama yake hawatobolewi kwa ajili ya mafua, mafua ni limau na kulala. Basi mshauri, msimu ulipofika mafua yakaingia kwetu bila hodi, na wa kwanza kuanguka alikuwa nani kama si mimi, mwenye sindano! Homa, viungo, koo linawasha, nikalala kutwa, kesho yake nikajikongoja, mara mume wangu naye akaanguka, akalala wiki nzima hajiwezi, namlisha uji kwa kijiko mwanamume mzima, na mama mkwe ndiyo usiseme, kifua kilimbana tukamkimbiza hospitali akawekewa oksijeni, mimi ndiye niliyekuwa nakwenda na chupa ya chai na kumfulia nguo. Na wifi yangu, dada wa mume wangu, tunakaa naye nyumba hiyohiyo, hakuchanjwa na hakupiga chafya hata moja!

Tangu hapo wifi ananiita Bi Sindano, mpaka wateja wamelishika jina. Nikamuuliza muuguzi wa kliniki, akasema chanjo inasaidia lakini haimkingi kila mtu, tena kuna miaka inafanya kazi vizuri na miaka inalegea. Sasa hiyo ni dawa au bahati nasibu? Redioni daktari akasema wazee ndio wanaoihitaji zaidi, papo hapo akasema kwa wazee nguvu yake ni ndogo kuliko kwa vijana, nikazima redio.

Juzi mama mkwe aliniita chumbani kwake, akafunga mlango, akaniambia, "Mwanangu, kifua changu hakiwezi tena ya mwaka jana. Nikachanjwe au niache? Utakalosema wewe ndilo nitakalofanya." Mume wangu aliposikia akasema, "Mpeleke, lakini akiumwa usiniangalie mimi." Nampenda huyu mama, mshauri, na kila siku namwambia kesho mama, kesho. Nikisema ndiyo akafa, nimemuua mimi. Nikisema hapana akafa, nimemuua mimi. Nimechanganyikiwa.

Bi Sindano

Bi Sindano,

Pole, mzigo huo ni mzito. Sasa nikugombeze. Umehesabu nani aliumwa na nani hakuumwa, ukasahau kuhesabu aliyeumwa aliumwa vipi. Isome tena barua yako. Mwenye sindano alilala kutwa, akainuka, akawauguza wasiochanjwa. Halafu ni wewe unayechekwa!

Lakini usianze kutamba saluni. Nyumba moja haithibitishi kitu. Pengine ungeinuka upesi hata bila chanjo, kwa kuwa wewe si mzee. Na wifi yako alibahatika tu, maana si kila anayekaa na mgonjwa huambukizwa. Ndiyo maana wataalamu huangalia maelfu ya watu, na huko huonekana kwamba waliochanjwa huumwa wachache zaidi, na wanaoumwa si rahisi wafike kwenye oksijeni. Nimesema si rahisi, sikusema haiwezekani.

Mbona inabadilika mwaka hadi mwaka? Wewe huagiza rasta mapema, ukikisia msimu wa harusi watataka mtindo gani. Mwaka mwingine unapatia, mwaka mwingine wanakuja na mtindo mpya, nawe unawasuka kwa ulichonacho. Virusi vya mafua hubadilika hivyo hivyo, na chanjo hutengenezwa kabla havijafika. Pia mwili huchukua kama wiki mbili kujenga kinga, kwa hiyo anayeambukizwa kabla ya hapo anaweza kuumwa kama asiyechanjwa. Tena si kila mafua ni homa hii, yako mengine ambayo chanjo hii haiyagusi kabisa.

Daktari wa redioni naye hakujipinga, ni wewe uliyezima mapema. Mwili wa mzee hujibu chanjo kwa nguvu ndogo, lakini mzee ndiye ambaye ugonjwa humwangusha vibaya zaidi, kwa hiyo hata kinga ndogo kwake ni kubwa.

Sasa acha hiyo kesho. Wiki hii nenda naye kliniki, mweleze muuguzi habari ya kifua, oksijeni na dawa anazotumia, uulize chanjo ipi inawafaa wazee. Nawe udungwe tena, maana ya mwaka jana imeshachoka. Fundi friji akunje mkono wa shati, na wifi pia, wote wanapumua hewa moja na mama. Mkono ukimuuma siku moja mbili au akapata kijihoma, hayo si mafua, wifi asipige vigelegele. Siku kifua kikimbana, hospitali mara moja, awe amechanjwa au hajachanjwa. Na akiumwa hata hivyo, hujamuua. Utakuwa umempunguzia hatari, na hakuna zaidi ya hapo unachoweza kumpa.

Jambo moja la mwisho. Mama huyo ana mwana na binti wa kuwazaa humo humo ndani, lakini alifunga mlango akakuuliza wewe. Kitandani hospitali alikuwa hoi, ila aliona vizuri ni nani aliyekuwa na nguvu ya kuja na chupa ya chai.