Pepo Aliyeomba Komeo

Jumatano, mchana. Mvua tangu alfajiri, barabara imekuwa uji.

Rajabu mwanangu, umekaa barazani kama kuku mwenye kideri, unasubiri wageni. Kesho adhuhuri Hamisi anakuja na mshenga wake kumchukua binti yako, na wewe umeshachagua jogoo wa kuchinja. Mtu anakwenda kumtoa mtoto wake huku anawaza mchuzi. Nimekusema kwa mdomo hukusikia. Sasa nakusema kwa kuandika kwenye simu, hata dada zako wa Lindi wasome na kuwasomea jirani zao. Herufi nilifundishwa ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Ni chache, lakini za kukusema wewe zinatosha.

Kwa asiyetujua: Somoe ni mjukuu wangu, binti wa Rajabu. Aliolewa Kiswere na Hamisi, mchuuzi wa samaki mwenye pikipiki na ulimi mtamu. Kwa utani wa kwetu, mjukuu ni mke mwenzangu na mumewe ni mume wangu. Basi Hamisi kila akija hapa Njinjo: "Shikamoo, mke mkubwa," na samaki mkavu wa ng'onda mkononi. Nilimpenda huyo mume wetu. Kijiji kizima kinampenda.

Hapo ndipo shida ilipo.

Mwezi uliopita alimleta Somoe, akasema mke wake ana jini. Anasahau, anapoteza funguo, anatia chumvi mara mbili, anashtuka akiitwa. Aliyasema kwa huzuni mpaka Rajabu akawa anamfariji yeye. Somoe alikaa pembeni, amekonda, anatazama vidole vya miguu yake.

Ikapigwa ngoma. Ubani ukachomwa, fundi wa mapepo akaimba, na pepo akishapanda huulizwa anataka nini. Mapepo ya kwetu tunayajua mahitaji yao: kilemba, kuku mwekundu, marashi. Pepo akipewa alichodai hutulia. Asipopewa humrudia mgonjwa, na nyumba nzima haikai. Hiyo hata mtoto anaijua.

Somoe akatikisika chini ya shuka. Fundi akauliza, "Unataka nini, mgeni wetu?"

"Nataka komeo lirudi ndani."

Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, "Mwaka huu tumeletewa pepo seremala," vicheko vikaanza. Fundi mwenyewe akaziba mdomo kwa kanga. Wakampa kuku na kilemba, vitu ambavyo hakuomba.

Mimi nilikuwa namtazama mume wetu. Hakucheka. Alisema haraka, na hakuna aliyemwuliza, "Anaropoka tu huyo."

Hamisi akaondoka, Somoe akabaki kwangu anywe dawa. Siku ya kwanza aliniomba ruhusa ya kunywa maji. Nikasema mtoto ana adabu. Baadaye akaomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwanamke mzima, nyumbani kwa bibi yake, amesimama mlangoni amebana miguu, anangoja niseme ndiyo.

Nikamwuliza, komeo gani?

Yalitoka kidogo kidogo, tukimenya mihogo. Hamisi aling'oa komeo la chumba chao upande wa ndani akalipigilia nje. Akienda kuchuuza samaki anamfungia. Akirudi anafungua na kumwuliza mbona amenuna. Funguo anazificha yeye, halafu anaita majirani waje waone mke anavyohangaika kutafuta. Laini ya simu aliivunja, eti majini hupenda simu. Chakula anachopika Somoe, Hamisi humpa paka kwanza, mbele ya wageni. Paka akila asife, ndipo naye anakula, na wageni wanacheka wakidhani mzaha. Pengine hamsemeshi hata neno, wiki inakatika. Kisha anamletea gauni, analia yeye, anabembelezwa yeye.

"Lakini hajawahi kunipiga, bibi," akasema, kama anayemtetea. "Labda kweli kichwa changu kibovu."

Nikaweka kisu chini.

Hamisi wa Kiswere namweza, nitamchamba mpaka pikipiki yake isiwake. Huyu Hamisi aliyehamia ndani ya kichwa cha mtoto nitamtoa kwa nini? Leo asubuhi nimemkuta Somoe amefunga mfuko wake. "Nirudi tu, bibi. Nikichelewa atakasirika." Mfuko nimeukalia. Nimeukalia mpaka kiuno kikauma, kwa kuwa sikuwa na jingine la kumzuia.

Rajabu, nilipokueleza uliuliza jambo moja tu: alama iko wapi? Mshenga naye kwenye simu: alama iko wapi? Mnatafuta alama kama mnanunua mbuzi mnadani. Alama ndiyo hiyo imesimama mlangoni inaomba ruhusa ya choo.

Kesho wataketi mkekani, watasema ndoa ni uvumilivu, watanawa, watakula. Usuluhishi wetu ndivyo ulivyo. Ukishanawa na wageni umekubali. Wali ukishuka tumboni, mtoto kaondoka.

Kuna siku tulikwenda kungoja salfa ya kupulizia mikorosho pale ofisi ya kijiji. Afisa ustawi wa jamii, binti mdogo mwenye miwani, akasimama kuzungumza. Tulinung'unika kwamba anatuchelewesha. Alisema ukatili si ngumi peke yake. Kumfungia mtu ndani, kumtenga na ndugu zake, kumdhalilisha mbele za watu, kumfanya aamini hana akili, huo nao ni ukatili. Akasema polisi kuna dawati la jinsia na watoto, ukifika utasikilizwa hata kama huna jeraha la kuonyesha. Niliyaita maneno ya mjini. Lakini hayakutoka sikioni.

Jana nilikwenda kwa mtendaji nikaomba anitafutie yule binti kwenye simu. Nilidhani atanicheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Bibi, hapo mlipo Somoe yuko salama?"

Nikamwambia keshokutwa adhuhuri mumewe anakuja kumchukua, na baba yake ameshachagua jogoo.

Akasema twende wilayani, atatupokea mwenyewe atupeleke dawatini, na tusimwambie mtu njia wala saa. Ndiyo maana haya nayaandika sasa, ila sitayatuma mpaka tuwe tumeketi mbele yake. Kama gari litapita kwenye tope hili. Kama Somoe hatashuka njiani akarudi. Naogopa, wallahi. Magoti yangu mabovu, mvua haikatiki, na silaha niliyo nayo ni ulimi.

Nilichoweza kufanya leo ni hiki: nimenunua komeo dukani, nikalipigilia kwenye mlango wa chumba changu, upande wa ndani. Limekaa upande, misumari miwili imepinda. Somoe alisimama akilitazama. Akaingia. Nikasikia limefungwa. Likafunguliwa. Likafungwa tena. Akaniacha nje ya chumba changu mwenyewe, matone ya paa yananinyeshea mgongoni.

Sikugonga.

Alikaa humo mpaka adhana ya adhuhuri. Alipotoka alikwenda kwenye mtungi, akachota maji, akanywa. Hakumwomba mtu ruhusa. Kikombe kimoja tu hicho, jioni anaweza akaomba tena. Lakini nimekiona.

Rajabu, ukisoma haya wageni wako wapo barazani, na sisi hatupo. Usitutafute, na Hamisi usimpe namba yangu. Pepo alidai, mimi nimempa. Komeo hilo usiling'oe. Sasa nyanyuka hapo ulipokaa, uwaambie kwa mdomo wako, wewe baba yake, kwamba Somoe harudi. Na useme kabla hawajanawa mikono.