Usimwambie Mama Kabla Sijafika

Kimumu, Eldoret,
Kenya.
9 Julai 2024

Mpendwa Dada Joyline,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Nakuandikia nikiwa nimevaa sweta mbili na soksi za Odera, na najua huko Shirati mmekaa barazani mnajipepea. Hamjambo lakini? Mgongo wako umeacha kukusumbua? Na jicho la kushoto la Mama limeanza kuona chochote tangu bendeji itolewe? Sisi tu wazima. Shemeji yako Odera yuko gereji kule Yamumbi tangu asubuhi. Marion ametimiza miaka kumi na amenifika begani, viatu havidumu miguuni.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Dada, simu naiogopa. Ukipiga unaweka spika, Mama anasogea, anauliza narudi lini kukaa, nami najikuta nimesema mwakani. Huu ni mwaka wa kumi na moja nasema mwakani. Kwenye karatasi hakuna anayenisikiliza, kwa hiyo leo nitasema ukweli.

Mwezi wa tano ulinijia juu. Ukaniuliza, kama kila siku nalia baridi, nalia samaki, nalia upweke, basi kinachonishika huku ni nini. Nilikata simu nikasingizia chaji. Nisamehe. Lakini swali lako halikuniacha, nikaanza kutafuta cha kushukuru katika siku zangu. Si uhai na afya, hayo kila mtu anayasema kanisani. Nilitaka vitu vya kushikika.

Nikaanza na maziwa. Johnstone anayaleta kwa pikipiki kutoka Sugoi, na akishapima ananiongezea kidogo kwenye sufuria, anasema hiyo ni ya mtoto. Mtoto mwenyewe hataki maziwa hata umpige. Nayanywa mimi kwenye chai, nimesimama mlangoni, kikombe nimekishika kwa mikono miwili, kabla sijaenda kushona.

Halafu kuna Sharon. Sijawahi kukusimulia tulivyokutana maana ni aibu. Wiki yangu ya kwanza hapa, kumepambazuka tu, naenda kununua mkate, nikaona watu kama ishirini wananijia mbio na hakuna anayesema neno. Nikajua kumeharibika. Nikatupa kikapu, nikageuka, nikatimua mbio mbele yao, kanga nimeikusanya mkononi. Wakanipita wote. Msichana mmoja akarudi akaniuliza, "Mama, kwani wewe unakimbia nini? Sisi tuko kwa mazoezi tu." Alicheka mpaka akakaa chini. Huyo ndiye Sharon. Na ndiye aliyeshinda nami hospitalini siku tatu mwaka ule mimba yangu ilipoharibika, wakati mpaka wa Kenya na Tanzania umefungwa kwa korona na wewe huwezi kuvuka.

Na Maryam, mwenye duka la vitambaa ninaloshonea pale mjini. Ramadhani iliyopita alinikuta nimejificha nyuma ya marobota nakula chapati. Akanigombeza kweli kweli. "Emmaculate, aliyefunga ni mimi, si wewe. Toka huko ukae kwa kiti ukule vizuri." Akanisogezea na stuli ya kuwekea chai. Nimecheka peke yangu hata sasa nikiandika.

Usidhani nimesahau kwetu. Kuna siku hamu inanikaba, Dada. Sato wa hapa amesafiri kwenye barafu mpaka macho yamezama, na kila nikimkaanga nakuona wewe ukipara wako ufukweni, magamba yamekujaa kwenye nywele. Natamani kulala hata usiku mmoja kwenye chumba changu nimsikie Mama akiamka, akikohoa, akizungumza na kuku wake. Hamu hiyo haijapungua hata kidogo, na sioni kama itapungua.

Ila Desemba, tuliporudi kutoka kwenu, basi lilitushusha Eldoret, baridi ikatupiga usoni, nikamfunga Marion skafu nikamwambia, "Haya, tumefika nyumbani." Marion hakushtuka, kwake ni hivyo tu. Mimi ndiye niliyeganda pale na mizigo yangu kama mtu aliyeiba.

Sasa unaniambia Mama amekataa kuhamia nawe Mwanza mwezi wa tisa kwa ajili yangu. Kwamba kila Jumamosi anafagia chumba changu kwa kupapasa, na anauliza akiondoka nani atanifungulia mlango siku nikirudi. Nililia, Dada. Nikaona Mama atabaki peke yake na moto wa kuni asiouona, akingoja mwakani yangu. Na mimi sirudi kukaa. Hapo nimeshasema.

Nakuja Agosti, shule zikifungwa. Odera amekubali kubaki na Marion. Nakuomba jambo moja tu, usimwambie Mama kabla sijafika. Ukimwambia wewe atafikiri ni ujanja wako wa kumhamisha. Ni mimi niliyemdanganya, basi aisikie kwangu, nimekaa karibu naye, awe ananishika uso kama anavyofanya siku hizi. Akikasirika, anikasirikie nikiwepo. Akilia, nitalia naye. Na akikubali kwenda nawe, tutatoa vitu vyangu chumbani mimi na yeye, kimoja kimoja, naye anieleze ni vya nini, maana miaka yote hii aliyevitunza ni yeye.

Nisalimie Shemeji Okumu, na mwanao Isaiah umwambie mama yake mdogo wa baridi, kama anavyoniita, amemshonea shati. Mama mpe salamu za kawaida tu, bila neno lingine.

Mungu awafunike nyote, na ampe Mama moyo wa kunisikiliza mpaka mwisho.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa mbali,
Emmaculate