Mwinyimvua Picha na Chumba cha Mbele

Baba yetu mpendwa, Mwinyimvua Msabaha, mwaka umetimia leo tangu ulipotutoka, na bado wapo watu wanaobisha hodi chumba cha mbele wakikuulizia.

Katika chumba hicho ulirithi duka la vitambaa, hapa Bagamoyo, ukaanza kutundika picha juu ya majora ya bafta. Mwishowe majora yakaisha, picha zikabaki, na mji mzima ukakuita Mwinyimvua Picha. Watu walidhani umefilisika. Kumbe umepata kazi uliyokuwa ukiitafuta.

Vitu vya kale uliwaachia wengine. Wewe ulitaka kazi za watu walio hai, wanaoweza kuja kunywa kahawa. Majaliwa wa Msata ulimkuta akichora chui ubavuni mwa lori la mahindi. "Bwana we," ukamwambia, "chui wako anaondoka na mahindi ya watu. Nichoree mmoja atakayekaa." Ndivyo alivyoanza.

Kila picha mpya ilikaa kwanza barazani, mchoraji pembeni yake, na wapita njia wakasema walitakalo.

"Mbona ng'ombe huyu ana miguu mitano?" aliuliza Sharifu, muuza kahawa.

"Anakimbia," ukamjibu. "Wewe ukikimbizwa na simba, tutakuhesabia sita."

Baraza zima lilicheka, Majaliwa naye akacheka, na picha ikaingia ndani ikiwa imeshazoeana na watu.

Dada yako, Shangazi Biubwa, hakucheka. "Kaka, siku ya kiyama wachoraji wataambiwa wazitie roho picha hizo!"

"Mimi sichori, dada. Mimi nafuta vumbi tu."

Lakini hukumdharau. Picha hazikuvuka kizingiti cha chumba cha mbele kuingia nyumbani, na alipokuja kwetu aliingilia mlango wa uani, akaswali bila kuiona hata moja.

Siku ya msiba wako, kina mama walizigeuza zote zitazame ukuta, ili khitma isomwe mle ndani. Hata Mama alipotoka eda, hakuna aliyethubutu kuzigeuza tena. Haji, mwanao mkubwa, akaona chumba kinakaa bure, akapatana na mfanyabiashara mmoja aje aweke magunia ya mbata. Mimi Mardhiya, niliyemaliza Chuo Kikuu juzi tu, nilisema maneno mengi kuhusu sanaa na taifa letu changa. Haji alinisikiliza kwa upole.

"Sawa, mdogo wangu. Lakini nani atakaa humo? Picha zenyewe zimetupa mgongo."

Wiki iliyopita Majaliwa alikuja kutoka Msata na picha iliyofungwa kwa gunia, ile uliyomwagiza kabla hujaugua. Aliifungua, akasimama katikati ya chumba akitazama migongo ya mbao, asijue aiweke wapi. Akaanza kuifunga tena.

Shangazi Biubwa, aliyekuja kuchambua mchele wa khitma hii ya mwaka, alikuwa amesimama mlangoni.

"Unakwenda wapi wewe, hata maji hujanywa?"

Akavuka kizingiti. Akachukua kitambaa, akaigeuza picha ya kwanza, ile ya ng'ombe wa miguu mitano, akaanza kuipangusa taratibu, pembe kwanza, kisha macho.

"Mnanitazama nini?" akasema. "Mimi nafuta vumbi tu."

Jioni ile Haji alikwenda kumwambia mwenye mbata atafute chumba kingine.

Khitma yako tunaisoma leo baada ya alasiri, uani. Kesho asubuhi chumba cha mbele kitafunguliwa, na picha ya Majaliwa itakaa kwanza barazani, kama ulivyotuzoesha. Sharifu ameshasema anakuja kuikosoa.

Unakumbukwa na mkeo Zaina, dada yako Biubwa, wanao Haji, Mardhiya na Fatu, wajukuu zako, na wachoraji na wachongaji wote uliowakalisha barazani kwako.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Daima tutakukumbuka, Baba, na vumbi tutalifuta.