Ukomo wa Mshahara wa Philbert

Philbert haondoki! Amesaini tena, miaka mitatu, na timu yake ya hapo Bukoba!

Sasa ndiyo nikusalimu, mdogo wangu Dativa. Huko Kibeta hamjambo? Sisi wa Rubya wazima, kahawa imeiva.

Wiki iliyopita mwanangu alinipigia simu: "Mama, klabu imeweka ukomo wa mshahara." Nikajua mshahara umekoma! Nililia mpaka mama Evelyne akaja na kuni na mikungu miwili ya ndizi, akidhani tumefiwa. Kumbe ukomo ni kipimo tu: hakuna mchezaji atakayelipwa kupita hapo, hata awe hodari kama wangu. Na timu moja ya mbali ilikuwa inamwita kwa mshahara mara mbili.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo unatuhama?"

"Mama, nilipovunjika mguu hawa ndio walionibeba. Nitawaachaje?"

Moyo huo ni wangu, si wa baba yake!

Kuni za msiba sikuzirudisha. Zitapika ndizi za timu nzima, nanyi msikose. Ni mimi dada yako Celina, mama wa beki wa kutegemewa, ninayewangoja wote Jumapili baada ya misa ya pili.